Sensa ya mlango wa nyuma "inapotea" kila usiku saa saba: mtu anaziba mawimbi, au kifaa tu?

#1 Zamu ya Usiku
Wakuu, habari. Nasimamia ulinzi wa ghala. Mfumo wa kengele hauna waya: sensa kumi na moja, sita ni swichi za sumaku za milango, tano ni vihisi vya mwendo. Paneli, yaani kisanduku kinachopokea ishara za sensa zote, iko ofisini, masafa ya redio ni 433 MHz. Wiki ya tatu sasa paneli inaandika "Kanda 9 imepotea" kati ya saa saba na saa saba na nusu usiku. Kanda 9 ni mlango wa nyuma. Kwenye saa kumi na mbili kasorobo asubuhi inarudi yenyewe, hakuna aliyeigusa. Betri nimebadilisha mara mbili. Bosi anashikilia kwamba kuna mtu anakuja na mashine ya kuziba mawimbi, anajaribu kwanza kabla ya siku yenyewe. Nisaidieni kabla sijapewa barua.

#2 Mpenda Mjadala
Hiyo ni jama, yaani hiyo mashine ya kuziba mawimbi, hakuna kingine. Kitu kinachofuata saa namna hiyo kina akili ya binadamu nyuma yake.

#3 Kijana wa Mawimbi
Jama au jamaa? 😂
Mkuu #2, kama ni jama, mbona inapotea sensa moja na kumi zinabaki?

#4 Mpenda Mjadala
Anayo ndogo, anaishika pale pale mlangoni. Inamaliza iliyo karibu tu.

#5 Bi Antena
#4 hapo umegeuza mambo. Mashine ya kuziba mawimbi haizibi mdomo wa sensa, inaziba masikio ya paneli. Sensa ya mlango ni kisambazaji tu, na nyingi za 433 hazisikii chochote kabisa: zinapiga kelele na kurudi kulala. Ukisimama mlangoni na kifaa kidogo, sensa itatuma kama kawaida. Ukitaka kuharibu kazi lazima kelele yako ifike ofisini kwenye paneli ikiwa na nguvu kuliko sauti ya sensa.

Lakini niongeze, maana mtanishika baadaye: kelele ikipanda kidogo pale kwenye paneli, sensa ya kwanza kuzama ni ile yenye sauti dhaifu kuliko zote. Kwa hiyo "moja tu imepotea" hakumwondolei mtu wa #2 hoja yake yote. Zamu, mlango wa nyuma ndio ulio mbali zaidi na paneli?

#6 Zamu ya Usiku
Ndio, dada. Mbali kuliko yote. Katikati kuna kuta mbili za zege na rafu za chuma.

#7 Mzee wa Waya
Nimefunga kengele tangu enzi za kengele za betri na koili. Waya mbili, kipingamizi kidogo cha umeme mwisho wa laini ambacho paneli inakipima, umemaliza. Ukikata waya paneli inajua, ukiunganisha waya kwa waya paneli inajua. Hakuna mambo ya kupotea na kurudi kama mtoto mtoro.

#8 Fundi Mchana
Mzee wangu shikamoo. Panya je? Radi je? Mimi nimeshabadilisha paneli iliyoungua kwa sababu waya wa mita 80 ulikusanya radi ukaileta mezani kwa mteja. Na kipingamizi ambacho fundi amekifunga ndani ya paneli badala ya kule kwenye sensa, hicho hakilindi kitu. Nimekuta mara nyingi.

#9 Mzee wa Waya
Marahaba. Huyo hakuwa fundi.

#10 Bi Antena
Turudi ghalani. Zamu, angalia kwenye mwongozo wa mfumo wako vitu viwili. Kwanza, sensa inatuma salamu ya "nipo" kila baada ya muda gani. Pili, paneli inakaa muda gani bila salamu ndipo iandike "imepotea". Usinijibu kwa kukisia.

#11 Zamu ya Usiku
Nimeusoma. Salamu kila dakika 30. Paneli inasubiri saa 2.

#12 Bi Antena
Basi tatizo lako si la saa saba.

Hesabu kurudi nyuma. Paneli ikiandika saa saba na dakika kumi, maana yake salamu ya mwisho iliisikia saa tano na dakika kumi. Kilichotokea kimetokea kati ya saa tano na kama saa sita kasoro. Nyie mnamvizia mwizi saa saba, na jambo lenyewe lilishapita mkiwa mnabadilishana zamu. Na upande wa asubuhi: ikirudi kumi na mbili kasorobo, kizuizi kimeondoka ndani ya nusu saa iliyotangulia. Kwa hiyo tafuta kitu kinachoanza kwenye saa tano usiku na kuisha alfajiri kati ya kumi na moja na robo na kumi na mbili kasorobo.

#13 Kijana wa Mawimbi
Hii post iwekwe juu kabisa ya uzi. Nimeona watu wakikesha saa isiyo yao kwa sababu ya hili. Saa ya kwenye kumbukumbu ya paneli ni saa paneli ilipokata tamaa.

#14 Zamu ya Usiku
Wakuu nimekaa chini. Lori la usambazaji linarudi kati ya saa nne na nusu na saa tano, linaegeshwa nyuma, ubavu wake ukielekea mlango huo. Linaondoka kumi na moja na nusu alfajiri.

#15 Fundi Mchana
LORI! Funga uzi.

#16 Mdau Kimya
Bodi ya lori ni sanduku la bati. Urefu wa wimbi la 433 ni kama sentimita 69, sanduku la mita kadhaa linafunika kila kitu nyuma yake. Mimi nilipoteza kihisi cha geti kwa sababu ya tangi la maji: likijaa kinapotea, likipungua kinarudi. Nilidhani nimerogwa.

#17 Bi Antena
Taratibu. Lori liko nje, paneli iko ndani. Njia ya moja kwa moja kutoka mlangoni hadi ofisini haipiti kwenye lori. Labda tu kama ishara ilikuwa haipiti kwenye kuta hata kidogo, ila inatoka nje, inadunda kwenye ukuta wa pili au uzio, na kuingia dirisha la ofisi. Inawezekana, mawimbi hayana adabu ya kufuata mstari. Ila sisaini bado.

Zamu, siku lori halipo inakuwaje?

#18 Zamu ya Usiku
Nimefungua kumbukumbu. Jumapili lori halilali hapo. Jumapili mbili zilizopita: moja ilipotea, moja haikupotea.

#19 Mpenda Mjadala
Jama hafanyi kazi Jumapili zote 😂

#20 Fundi Mchana
Natengua kauli ya #15, ila nusu tu.

#21 Mtaa wa Tatu
Kuna taa ya nje upande huo? Namaanisha zile za LED zenye adapta yake ndani. Nilihangaika miezi miwili na rimoti ya geti iliyokuwa inafanya kazi mchana na kugoma usiku. Nilibadilisha rimoti, nikabadilisha ubao, nikamlaumu fundi. Kumbe taa mbili nilizoweka juu ya mpokezi zinatoa takataka ya redio kutoka kwenye saketi ya kubadili umeme. Nikizima, rimoti inafungua kutoka barabarani. Nikiwasha, lazima nisimame chini ya geti kama ombaomba.

#22 Zamu ya Usiku
Mlinzi wa nyuma anawasha taa kubwa mbili za LED akishika lindo. Saa tano kamili. Anazizima kukipambazuka.

#23 Kijana wa Mawimbi
Sasa tuna washukiwa wawili wanaoingia na kutoka saa zile zile. Hii imekuwa kesi.

#24 Bi Antena
Swali la taa: ziko karibu na sensa au karibu na paneli? Kanuni ni ile ile ya #5. Taa inayochafua hewa mlangoni haina neno na sensa isiyo na masikio. Lazima takataka ifike kwenye paneli, ama kwa hewa ama kwa waya wa umeme. Kama paneli na taa zinatumia laini moja ya umeme, usiziondoe kwenye orodha.

#25 Zamu ya Usiku
Taa ziko nyuma, ila umeme wote unatoka kwenye ubao wa swichi ulio ofisini, futi mbili kutoka kwenye paneli.

#26 Mgeni Mpya
Samahani kuingilia. Hiyo mashine ya kuziba mawimbi inatengenezwaje? Nataka kujaribu mfumo wangu mwenyewe.

#27 Msimamizi
#26 hapana. Nchi nyingi zinakataza kuitumia hata nyumbani kwako, Marekani inakataza hata kuuza. Na ukiziba 433 hujui umemziba nani. Ukitaka kujaribu mfumo wako, toa antena ya paneli uone inalalamika baada ya muda gani.

#28 Kijana wa Mawimbi
Kwa kuongezea #27: si lazima uwe na nia mbaya kuziba mtaa mzima. Mwaka 2019 katika mji wa North Olmsted, Ohio, rimoti za magari na za milango ya gereji ziligoma kwa wiki kadhaa kwenye eneo dogo. Watu walikisia kila kitu, hadi mambo ya angani. Mwishowe ikakutwa ni kifaa alichojitengenezea mkazi mmoja anayependa umeme, cha kumjulisha akiwa chumba cha chini ya nyumba kama kuna mtu juu. Kilikuwa kinatuma bila kupumzika kwenye 315 MHz. Hakujua hata kidogo.

Na kabla ya hapo, miaka ya 2000 huko huko Marekani, milango ya gereji karibu na kambi za jeshi iligoma jeshi lilipoanza kutumia redio zake mpya kwenye 380 hadi 399.9 MHz. Wenye gereji hawakuwa na pa kulalamika, wao ndio wageni kwenye masafa hayo.

#29 Mpenda Mjadala
Kwa hiyo unakubali kuna mtu. Anayejua au asiyejua, ni mtu.

#30 Kijana wa Mawimbi
Ukienda hivyo, hata lori lina dereva.

#31 Mkaguzi
Nauliza jambo moja ambalo hakuna aliyeuliza. Paneli ikiwa imeandika "imepotea", mlango ukifunguliwa king'ora kinalia au hakilii? Hilo ndilo bosi anapaswa kulijua kwanza, kabla ya taa na malori.

#32 Zamu ya Usiku
Sijawahi kujaribu. Leo usiku nafungua.

#33 Mzee wa Waya
Waambie majirani kwanza.

#34 Zamu ya Usiku
Nimefungua saa nane usiku, paneli ikiwa imeshaandika kupotea. King'ora kimelia papo hapo. Mlinzi wa mbele ameruka ukuta akidhani ni kweli. Tumecheka, ila nimechanganyikiwa zaidi.

#35 Mdau Kimya
Hiyo inaua jama, inaua lori, inaua taa. Kama mlango unasikika, njia iko wazi.

#36 Bi Antena
Haiui kitu, mdogo wangu. Angalia jinsi sensa hizi zinavyosema. Mlango ukifunguliwa, inarudia ujumbe ule ule mara nyingi mfululizo, maana haina njia ya kujua kama imesikika. Salamu ya "nipo" inatumwa kwa uchache, kuokoa betri. Kwenye njia mbovu, ukipiga kelele mara kumi moja itapita. Ukinong'ona mara moja kila nusu saa, unaweza kukosa zote nne ndani ya saa mbili. Kwa hiyo tunajua njia ni mbovu usiku, haijakatika.

Tena ulipofungua mlango wa chuma ulibadilisha mazingira ya sensa yenyewe. Sumaku na kisambazaji viko kwenye bawa au kwenye fremu?

#37 Zamu ya Usiku
Kisambazaji kiko kwenye bawa la mlango. Mlango ni wa chuma.

#38 Fundi Mchana
Aliyefunga hivyo alikuwa na haraka. Antena iliyolala juu ya bati inapoteza nguvu nyingi kabla hata ya kuanza safari. Weka kipande cha plastiki nene katikati, kiinue sentimita mbili tatu, au kihamishie kwenye fremu kama ni ya mbao. Na uangalie antena ya paneli: kwa 433 robo wimbi ni sentimita 17 na kitu. Nimekuta mafundi wameikunja ndani ya boksi ili kifuniko kifunge vizuri. Wengine wanaikata.

#39 Mhasibu wa Betri
Betri mmesema imebadilishwa mara mbili, ila imepimwaje? Betri ya lithiamu ya volti 3 ukiipima bila mzigo itakuonyesha 3 safi hata ikiwa imechoka. Sensa ikilala inakula maikroampea, ikituma inaruka hadi miliampea kumi na zaidi kwa ghafla, na hapo volti inaanguka. Baridi ya usiku inaongeza upinzani wa ndani wa betri. Inaanza kupoa saa tano, inapata joto jua likitoka. Saa zenu zile zile. Washukiwa wawe watatu.

#40 Mpenda Mjadala
Wanne. Msimsahau wangu.

#41 Mtaa wa Tatu
#39, nimependa, ila jua linatoka na sensa inarudi ndani ya dakika chache? Mlango wa chuma unachelewa kupata joto.

#42 Mhasibu wa Betri
Nakubali, upande wa asubuhi ni dhaifu.

#43 Msafiri
Mimi nauliza pembeni. Mfumo wangu una rimoti ya kuwasha na kuzima kengele. Jirani kaninunulia kijidude cha kompyuta cha kupokea televisheni, tukaendesha programu ya bure, tukaona rimoti yangu inatoa namba ile ile kila nikibonyeza. Nihofu?

#44 Kijana wa Mawimbi
Ndio. Chipu za rimoti za aina ya EV1527 zina biti 20 za utambulisho, yaani namba 1,048,576 kwa ujumla, na haibadiliki. Anayeirekodi mara moja anaweza kuirudisha hewani kesho na kengele ikazimika kwa heshima zote. Ndio maana nasema mwizi mwenye akili hana haja ya kuziba kitu. Anazima.

#45 Msafiri
Nikinunua ya namba inayobadilika nimepona?

#46 Kijana wa Mawimbi
Umepiga hatua. KeeLoq, mfumo mmoja wa namba inayobadilika, ilitumika kwenye magari na mageti mengi, lakini mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr kule Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi ya kutoa ufunguo wa siri wa mtengenezaji kwa kupima umeme unaotumiwa na kifaa. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama Samy Kamkar akaonyesha kifaa kidogo kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON: unabonyeza, kinaziba na kurekodi, unabonyeza tena, kinarekodi ya pili na kutoa ile ya kwanza. Mlango unafunguka, wewe unaondoka na furaha, naye kabaki na namba moja mpya mfukoni. Tafuta mfumo wa njia mbili, paneli na rimoti zinazoulizana na kujibizana kwa usimbaji fiche.

#47 Mzee wa Waya
Au waya.

#48 Mkaguzi
#44 ameleta kitu kinachogusa uzi huu. Zamu, kama sensa zako nazo ni za namba isiyobadilika, "salamu" ya Kanda 9 mtu anaweza kuitoa hewani ukafikiri mlango uko salama. Kupotea ndiyo habari njema, mfumo umekwambia. Kimya kisichoonekana ndicho kibaya. Kanuni za Ulaya za kengele za wizi, EN 50131, zinagawa mifumo kwa madaraja manne, na kadiri daraja linavyopanda muda wa kuvumilia kimya unapungua. Saa mbili ni za madaraja ya chini. Ghala lenye mali linastahili zaidi ya hapo.

#49 Fundi Mchana
Na Ulaya kuna kipande cha 868.6 hadi 868.7 MHz kilichotengwa kwa kengele. Kwenye 433 uko na vituo vya hali ya hewa, kengele za milango, vihisi vya matairi, na wapenda redio wa ridhaa ambao bendi hiyo ni yao kihalali na wana wati nyingi kuliko sisi sote hapa.

#50 Bi Antena
Nikiwa mmoja wao, naomba radhi kwa niaba ya wenzangu 😄 Zamu, fanya hivi, usiku mmoja jambo moja: taa zikizimwa lori likiwepo, lori likiegeshwa kwingine taa zikiwaka. Usiguse sensa wala antena mpaka umalize. Andika.

#51 Zamu ya Usiku
Siku tano zimepita. Naandika kama zilivyo kwenye daftari.
Usiku wa kwanza, taa zimezimwa, lori lipo: ilipotea.
Wa pili, hivyo hivyo: haikupotea.
Wa tatu, lori mbele, taa zinawaka: haikupotea.
Wa nne, hivyo hivyo: ilipotea, ila saa tisa usiku, si saa saba.
Wa tano, lori mbele, taa zimezimwa: haikupotea.

#52 Mtaa wa Tatu
Usiku wa tano unasema ni vyote viwili kwa pamoja. Kila kimoja kinaongeza kidogo.

#53 Mhasibu wa Betri
Usiku wa tano ulikuwa na baridi?

#54 Zamu ya Usiku
Mvua ilinyesha. Palikuwa na joto.

#55 Mhasibu wa Betri
Nanyamaza, lakini mmesikia.

#56 Kijana wa Mawimbi
Saa tisa ya usiku wa nne inanisumbua. Je, kama ni sensa mbili zinagongana? Mbili zenye saa ya ndani inayokaribiana, kila moja ikituma kila dakika 30, zikikutana zinatuma juu ya mwenzake kwa masaa hadi zitengane polepole. Hiyo ingehamahama saa.

#57 Bi Antena
Ingehamahama kwa wiki tatu zote, si usiku mmoja. Na ingepotea mchana pia. Ila sikatai kwa usiku wa nne peke yake. Ishara ya Kanda 9 iko ukingoni, na kilicho ukingoni chochote kinakisukuma: leo lori, kesho taa, keshokutwa mwenzake. Sasa fuata #38, inua sensa na unyooshe antena ya paneli.

#58 Zamu ya Usiku
Antena ya paneli kweli ilikuwa imekunjwa ndani ya boksi, mara mbili. Nimeinyoosha, nikaitoa nje kwa tundu la juu, paneli nikaihamishia ukuta wa pili mbali na ubao wa umeme. Sensa nimeiinua kwa plastiki. Lori limerudi mahali pake, taa zinawaka. Usiku wa nne leo Kanda 9 haijapotea hata mara moja. Bosi bado anataka kamera ya kumnasa mtu wa jama.

Jana usiku lakini paneli imeandika "Kanda 4 imepotea".

#59 Mpenda Mjadala
Kahamia mlango wa mbele.

#60 Bi Antena
Kanda 4 iko wapi, na ukuta huo wa pili una nini katikati?

#61 Zamu ya Usiku
Kabati la mafaili. La chuma. Nakwenda kulisogeza, narudi na daftari.